Nyuzi za Utumbo wa Kondoo

Jumatatu, 3 Oktoba 1966

Kuanzia Mlima Kenya mpaka Uhabeshi hakuna mtu wa kunishinda kwa fidla, mimi Kaimenyi wa M'Ikiara, na asiyetaka kuamini akae hivyo hivyo. Katika nchi hii yote wanaopiga fidla ni watatu. Mmoja ni mzee ambaye vidole vyake vimekauka. Mmoja ni msichana. Wa tatu ni mimi. Ni kweli nimeanza leo asubuhi, lakini jogoo haulizwi ameanguliwa lini, anaulizwa kuwika.

Mzee mwenyewe ni Mzee Guleid, Msomali wa mtaa huu wa Wabera hapa Isiolo, mtoto wa askari wa zamani wa Mwingereza. Alirudi kutoka Ulaya mwaka jana, akaingia kwa dada yake, Mama Shamis, katika nyumba ya mabati nyuma ya msikiti. Alikuja na sanduku la nguo na sanduku dogo la fidla. Mji mzima ulimcheka. Watu wanakimbia vita hivi vya serikali na waasi wa Kisomali, yeye anakuja vitani na zeze.

Mimi baba yangu ni mfanyabiashara wa miraa, na Mama Shamis hununua kwetu ya kuuza kwa vifungu, kwa hivyo kila siku nafika pale na mzigo. Shule nilimaliza darasa la sita, la saba likanimaliza mimi. Jumamosi nilikuwa mlangoni nikimwigiza Mzee, kijiti begani, macho nimefumba kama mbuzi anayecheua, na watoto wanacheka. Kugeuka, Mzee yuko nyuma yangu.

Hakunipiga. Aliangalia mkono wangu kwa muda, akasema, "Mkono wa kulia uko sawa. Hiyo mengine yote ni takataka. Kuja Jumatatu."

Leo nimekuja. Nilidhani atanipa fidla. Amenipa ule upinde wa kusugulia nyuzi, peke yake, asubuhi nzima. "Shika kama umeshika kifaranga," akasema. "Asife, asitoroke." Ardo, binti wa Mama Shamis, alikuwa pembeni anacheka na meno yote.

Jumanne, 4 Oktoba

Kifaranga kimetoroka mara nyingi. Kidole gumba kinauma.

Jumamosi, 8 Oktoba

Bado upinde mtupu. Nikaona bora nimchokoze Mzee kwa maswali, mkono upumzike.

Nikamuuliza, "Mzee, ni kweli ulipigia Wazungu, ama ni zile hadithi za watu waliotoka mbali?"

Mama Shamis akanikaripia kutoka jikoni. "Wewe mtoto, mdomo wako hauna mlango?"

"Mwache," Mzee akasema. "Huyu angalau anauliza. Wengine wanajibu tu."

Basi akanieleza. Alitoroka hapa akiwa kijana, akaenda Mombasa, akaingia melini kama mtia makaa. Meli ikamshusha kwenye bandari moja ya Uingereza yenye mvua ya mwaka mzima. Mwenye nyumba aliyolala alikuwa kipofu, na zamani alikuwa akipiga fidla kwenye majumba ya michezo. Kijana Guleid akambebea makaa, kipofu akamfundisha. Mchana tanuru, jioni fidla. Miaka mingi hivyo. Mwishowe akasimama mbele ya okestra nzima, watu mia wakipiga nyuma yake na yeye mbele, London, Paris, Vienna, Praha.

"Mara ya kwanza," akasema, "walikuja kuona mtu mweusi na fidla, kama unavyokwenda kuona nyani juu ya baiskeli. Wanakohoa, wanacheka chini chini. Halafu, katikati ya wimbo, wakanyamaza. Wote. Kaimenyi, nilifanya kazi miaka thelathini kwa ajili ya ule unyamavu."

Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikubwa huko London. Wanafunzi wake leo ndio wanaokaa viti vya mbele kwenye okestra za Ulaya.

"Na kwa nini uliacha?"

Akanionyesha kidole cha tatu cha mkono wa kushoto. Kimepinda kama mzizi. "Vienna, kilikataa. Noti moja tu. Watu elfu mbili ukumbini, hakuna aliyesikia. Alisikia mwanafunzi wangu mmoja. Nilimwona amefunika uso. Hapo nikajua mambo mawili, kwamba nilikuwa nimefundisha vizuri, na kwamba nimekwisha."

Ningependa kuandika kwamba nilisema jambo la maana. Nilisema, "Pole, Mzee. Mimi vidole vyangu vyote ni vizima."

Jumatatu, 10 Oktoba

Sasa nimejua kwa nini Ardo hapumziki. Tarehe sita Desemba anakuja Nairobi Mzungu mmoja kutoka kile chuo cha Mzee, kusikiliza vijana. Huja mara moja kwa mwaka. Atakayempendeza atapelekwa London kusoma fidla, kila kitu kimelipwa. Mzee amekwisha kuwaandikia. Jina la Ardo liko kwao.

Mzee kasema mwaka kesho hautamkuta. Sijui ni yeye hautamkuta ama ni Ardo, maana kuna habari kwamba Wasomali wote watapelekwa kwenye vijiji vya kufungiwa waya. Ardo ana miaka kumi na tano na watu wameshaanza kumuulizia kwa mama yake.

Wao huitana abti, yaani mjomba. Yeye anamwita Mzee abti na Mzee naye anamwita msichana abti, ndivyo Wasomali wanavyofanya, jina linakwenda na kurudi. "Abti, umekimbia hapo." "Abti, sikukimbia." "Abti, ulikimbia, nilisikia vumbi."

Jumamosi, 15 Oktoba

Nyuzi mbili za fidla zimekatika siku moja. Hewa hii imekauka mno. Fidla ina nyuzi nne. Zimebaki mbili nene, na akiba hakuna. Mzee ameandika Nairobi atumiwe nyingine.

Alhamisi, 20 Oktoba

Sikukuu. Gwaride uwanjani, wanajeshi wengi kuliko wananchi.

Alhamisi, 27 Oktoba

Kifurushi kimefika kizuizini, pale askari wanapofunga barabara, na hapo ndipo kimekwama. Wiki jana lori lilikanyaga bomu barabara ya Garba Tulla. Sasa askari wanafungua kifurushi cha Msomali, wanakuta nyuzi zilizoviringwa za chuma chembamba, utawaambia nini? Wamesema ni waya za mabomu. Mzee aliitwa, akakaa juani tangu asubuhi mpaka alasiri. Aliwaeleza ni za muziki. Mmoja akamwambia, "Imba basi tusikie."

Nilikwenda mimi, Mmeru mwenye baba anayejulikana, nikidhani nitapendeza. Nikawaambia hata mimi ni mpiga fidla maarufu. Wakacheka, wakanipa sigara, lakini nyuzi hawakutoa. Zimechomwa.

Tulirudi pamoja na Mzee. Karibu na msikiti akasimama. "Lini hapa wanachinja kondoo?"

Jumatano, 2 Novemba

Jamani, kumbe fidla ni mnyama. Zamani, kabla ya nyuzi za chuma, Wazungu walifunga fidla zao utumbo wa kondoo. Mzee anajua kutengeneza. Wakati hana kitu, aliishi mwaka mzima kwa fundi wa nyuzi katika mji mdogo wa Italia, akimkwangulia matumbo ili apate kula. "Nilinuka mpaka mbwa wakanifuata," akasema.

Utumbo wa jana haufai, lazima uwe wa moto. Mimi ndiye mwenye miguu na mimi ndiye nisiyeulizwa kipande kila kona. Kwa hivyo mimi ndiye mwenda kichinjioni.

Pale kichinjioni mkubwa ni Lokol, Mturkana, na Lokol ana yake. Hatoi utumbo kabla ya kuusoma. Anautandaza kwenye majani, anaangalia mishipa na madoa kama karani anayesoma gazeti. Ukisema mabaya, unafukiwa. Hauliwi, hauuzwi, hapewi hata mbwa.

Wa kwanza akafukia. Wa pili akafukia.

Nikamwambia, "Baba Lokol, mimi sitaki kula. Nataka kufunga kwenye zeze."

"Mbaya zaidi," akasema. "Ukila, ubaya unatoka kesho yake. Ukifunga, unalia kila siku."

Nimerudi mikono mitupu.

Jumamosi, 5 Novemba

Amefukia tena. Anasema siku hizi kondoo wote wanasema vita.

Nilimwambia Mzee nitaiba utumbo mmoja alioufukia. Akanikataza kwa ukali, mara yake ya kwanza kunipandishia sauti. "Yule fundi wangu Italia alifanya ishara ya msalaba juu ya kila beseni. Kila fundi ana lake. Ngojea."

Lakini siku zinakwenda. Na mawingu yameanza kusimama upande wa Kipsing.

Jumanne, 8 Novemba

Lokol amesoma, amenipa. Kondoo wawili. Nilikimbia na ndoo ya matumbo ya moto kutoka kichinjioni mpaka Wabera, na nzi wote wa Isiolo wananisindikiza kama gavana.

Tumeosha, tumeloweka kwenye maji ya jivu. Mzee ananionyesha kukwangua kwa mgongo wa kisu, mafuta yatoke na ngozi isitoboke. Vidole vyake vilivyokauka kwa fidla, kwa kazi hii vimekuwa vya kijana.

Jioni mama yangu, Kathambi, amenifukuza nyumbani. "Lala na hao kondoo wako," akasema. Nimelala stoo ya miraa.

Ijumaa, 11 Novemba

Nyuzi za kwanza zimekatika zote tulipozivuta. Nilizipinda kwa haraka, nilitaka kumaliza. Mzee alinipa nyingine, akakaa karibu.

Jumapili, 13 Novemba

Mvua.

Jumatatu, 14 Novemba

Mvua. Mto umekata barabara ya Burat. Kichinjio kimefungwa.

Alhamisi, 17 Novemba

Jua kidogo. Baba alinituma na mzigo kwenye hoteli ya Ntongai, pale wanajeshi wa doria wanakunywa chai. Mmoja alinikumbuka kizuizini. "Huyu ndiye mpiga zeze," akasema. "Pigia wenzangu."

Basi nikachukua mwiko na fimbo, nikawafanyia Mzee Guleid. Anavyoinamisha kichwa, anavyomwambia Ardo "vumbi, abti, vumbi", kile kidole kilichopinda. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Nimepewa mandazi na nyama. Nasema kweli, mimi sijazaliwa kubeba miraa.

Jumamosi, 19 Novemba

Leo sina cha kujisifu. Asubuhi lori tatu zilikuja mtaani zikachukua nyumba kadhaa za Wasomali kwenda kijiji cha waya. Watu wa nyumba ya mkabala na Mama Shamis wamekwenda na magodoro kichwani. Nyumba yao imebomolewa, umebaki ukuta mmoja. Mtoto wao mdogo alikuwa akinitukana kila siku kwa jina la punda. Leo alinipungia mkono.

Mama Shamis amesema Ardo haendi Nairobi. Nilikuwa ndani, nimeshika ndoo.

"Nitakaa na nani wakija kunichukua?" akamuuliza Mzee. "Wewe uliondoka, baba akafa anauliza Guleid yuko wapi. Sasa unanipokonya na huyu."

"Ni kweli niliondoka," Mzee akasema. "Lakini hapa watamfungia ndani ya waya, Shamis. Kule atafungiwa ndani ya chumba na fidla. Nimeona vifungo vyote viwili. Cha pili mtu hutoka."

Ardo akamwambia mama yake, "Hooyo, nikikwenda nitarudi."

"Hata yeye alirudi," Mama Shamis akasema, akimwonyesha Mzee kwa kidevu. "Mwangalie."

Halafu akamimina chai, akampa Mzee kikombe cha kwanza. Nadhani hiyo ndiyo ruhusa.

Jumanne, 22 Novemba

Pasi ya kusafiri imetoka. Kagure, karani wa ofisi ya Bwana DC, amehangaika nayo, kwani mama yake huko Nyeri alikuwa mwimbaji wa kanisa. Pasi ni ya msichana na mlezi wake mmoja, mwanamume, jina limepigwa mhuri: Guleid. Kuondoka Jumatatu tarehe tano, kwa lori la serikali.

"Asibadilike mtu," Kagure akaonya. "Jina lingine likionekana kizuizini, mimi sina nguvu."

Alhamisi, 24 Novemba

Uzi mmoja umekubali. Mzee aliuvuta, akaukuna, ukalia. Akanitazama. "Nani aliupinda huu?"

"Mimi."

"Vizuri." Basi, neno moja. Lakini nililala nalo kama mtu aliyelala na ng'ombe wake.

Jumapili, 27 Novemba

Leo fidla imefungwa nyuzi tatu, na Ardo alipiga wimbo wake wote, akiimba kwa mdomo zile noti za uzi usiopo.

Sasa niseme kitu ambacho sitamwambia mtu. Tangu Oktoba nilikuwa nikijiambia kwamba Ardo anapendelewa kwa sababu ni damu ya Mzee. Leo nilikuwa mlangoni nimeegemea, nikingoja akosee nimcheke. Nikajikuta nimeketi chini. Sijui niliketi saa ngapi. Mvua ilikuwa juu ya mabati na ni kama ilisogea kando impishe. Alipomaliza, muuza maji alikuwa amesimama njiani na punda wake, hasongi.

Mzee alikuwa akilia wazi, bila kuficha. Akasema, "Abti, hakuna vumbi."

Katika nchi hii yote anayepiga fidla ni mmoja.

Jumatatu, 28 Novemba

Umebaki uzi mwembamba, ule wa sauti ya juu. Bila huo hakuna mtihani. Ni mgumu kuliko yote, kwa vile mikanda yake ya utumbo ni michache na lazima iwe sawa kama unywele. Tumejaribu mara ngapi. Huu wa leo Mzee anasema ndio, na matumbo mengine hakuna, kichinjio bado kimefungwa.

Haukauki ndani, nyumba imejaa unyevu. Ukianikwa juani unapasuka, ukinyeshewa unafumuka. Kwa hivyo tumeutandaza kutoka nguzo ya mlango wa Mama Shamis, juu ya njia, mpaka ule ukuta uliobaki wa nyumba iliyobomolewa, panapopita upepo na kivuli. Mchana unakaa nje. Wingu likija, ama king'ora cha kwanza cha saa kumi na mbili kikilia, unafunguliwa polepole bila kupoteza msokoto. Nusu saa baadaye kinalia cha pili, na hapo ni kafyu. Msomali akionekana nje baada ya hapo ni shifta, yaani mmoja wa waasi.

Kazi ya kuufungua ni yangu. Mzee amenifundisha mara nyingi mpaka nikamwambia, "Mzee, hata nikiwa nimekufa mkono wangu utaufungua."

Jumanne, 29 Novemba

Nimeufungua. Sawa.

Jumatano, 30 Novemba

Nimeufungua. Mzee anasema siku moja zaidi.

Alhamisi, 1 Desemba

Siwezi.

Jumamosi, 3 Desemba

Naandika kama nilivyoambiwa na Ardo, kwa maana mimi sikuwapo.

Alhamisi jioni walikuwa ndani, Ardo na Mzee, kwenye ule wimbo. Mzee alikuwa amefumba macho anasikiliza. Ngurumo ikapiga karibu na mvua ikashuka mara moja, nzito. Mzee akafungua macho. "Kaimenyi ameutoa?" Ardo akachungulia. Uzi ulikuwa bado uko nje.

Ardo alisema, "Abti, nitakwenda mimi."

"Wewe hujui kuufungua. Utafumuka."

King'ora cha pili kilikuwa kimekwisha kulia, au kilikuwa kinalia. Hapo Ardo hana hakika, kwa mvua. Mama Shamis alimshika Mzee kanzu. Mzee akamwambia, "Ni kuvuka njia tu, Shamis. Ni mvua tu."

Alifungua ncha ya mlangoni. Akavuka, akiuviringa mkononi taratibu kama inavyotakiwa. Alikuwa kwenye ukuta, ameinama, anafungua ncha ya pili, wakati taa za lori la doria zilipogeuka kona ya msikiti.

Walichokiona ni mzee wa Kisomali, kafyu imeshaingia, ameinama ukutani na uzi unaong'aa unaotoka mkononi mwake. Alisimama, akainua mkono wenye uzi kuwaonyesha.

Risasi ilikuwa moja.

Walimzika jana kabla ya swala ya Ijumaa. Askari waliruhusu wanaume wachache. Mimi nilisimama nje ya makaburi pamoja na Lokol, sisi si Waislamu. Nilimuuliza Lokol kama ilikuwa kwenye utumbo, kama aliona na hakusema. Nilitaka sana aseme ndiyo.

"Ule ulikuwa safi," akasema. "Nisingekupa."

Jumatatu, 5 Desemba

Lori la serikali limeondoka asubuhi. Kagure alikwenda kwa Bwana DC, akasimama mlangoni kwake mpaka akafukuzwa. Jina la mlezi ni Guleid, na Guleid hayupo.

Jumanne, 6 Desemba

Ndiyo siku yenyewe. Ardo amefua nguo za Mzee, amezianika.

Jumamosi, 10 Desemba

Nilikwenda na mzigo wa miraa. Sikuwa nimekwenda tangu mazishi. Nilipanga kuweka mlangoni nikimbie, lakini Ardo alitoka.

Alikuwa amelegeza nyuzi zote za fidla na kufunga sanduku. Nikamwambia yule Mzungu atarudi mwaka kesho.

"Mwaka kesho sitakuwa hapa," akasema. "Tumo kwenye lori zinazokuja. Na kuna mtu wa Garba Tulla ameleta posa. Hooyo amekubali, anasema angalau nitakuwa na mtu."

"Na wewe umekubali?"

"Nani ameniuliza?"

Tukakaa. Nilitaka kufanya mzaha, mdomo ukakataa. Akaniangalia, akasema, kwa upole ambao ningependa angenipiga kofi, "Kaimenyi, usikonde. Abti mwenyewe asingekulaumu. Ulikuwa umekwenda na mzigo, mvua ikakushika, ukasahau. Mtu husahau."

Jumatano, 14 Desemba

Ramadhani imeanza. Mama Shamis amenitumia anjera, zile chapati laini za Kisomali, na mchuzi wa futari, mimi, Mkristo mla mandazi mchana. Mtoto aliyeleta amesema nimeambiwa nile, nisiende kulala na njaa kwa huzuni, mimi ni mtoto na watoto husahau.

Sahani iko hapa. Sijaigusa.

Mtaa mzima unasema nilisahau. Baba anasema. Mama anasema, na amenirudisha ndani nilale kitandani kwangu. Hata padre alisema, Mungu hahesabu kusahau.

Alhamisi ile nilikuwa hoteli ya Ntongai. Wale wanajeshi walikuwa pale kabla ya zamu, na walinitaka tena. Nikachukua mwiko na fimbo, nikamfanya Mzee. King'ora cha kwanza kikalia, nikakisikia. Nikaanza kuweka mwiko chini. Mmoja akasema, "Hebu ile ya kidole, ya kidole ndiyo tamu." Wengine wakaitikia. Wakati huo matone ya kwanza yalianguka kwenye mabati, na nikauona uzi kama ninavyoona sahani hii, umetandazwa juu ya njia, bado mkavu. Kutoka kwa Ntongai mpaka pale, kwa miguu yangu, ni mbio fupi.

Nikawafanyia ile ya kidole. Walipiga meza. Nikafanya tena. Nikaongeza na Mama Shamis, na Ardo. Halafu wakatazama saa, wakavaa makoti ya mvua, mmoja akanipapasa kichwa, wakapanda lori wakiwa bado wanacheka.

Sikusahau.